Upepo Haukuwa na Kampuni

Zamani gereji bubu ilijitangaza kwa sauti. Ukiwa mtaa wa tatu unasikia kompresa inakoroma, mkanda unalia, kisha kimya, kisha ile tratata ya nati zinazofunguliwa. Pale Tabata kwa mjomba wangu, aliyetengeneza magari ya watu uani baada ya kazi yake ya mchana, sauti hiyo ndiyo ilikuwa kibao cha biashara. Siku hizi nabadilisha breki za IST uani kwangu na walio ndani hawajui kama nimeanza au nimemaliza. Mashine ya chaji inaguguna kidogo, nati inatoka, basi.

Sisemi zamani ilikuwa rahisi. Kompresa ya mjomba ilikuwa na tangi la lita 100 na mota ya hosipawa 3, na pumzi yake ilikuwa fupi kuliko kelele zake. Tangi likijaa hadi baa 8, mashine ya nati ya nusu inchi inafanya kazi vizuri mpaka geji ishuke kwenye 6. Hapo katikati umepata lita 200 tu za hewa ya kawaida. Ukiminya bila kuachia, baada ya nusu dakika hivi zimekwisha. Kwa nati za tairi haidhuru, kila moja inataka sekunde mbili tatu. Kasheshe ilikuwa mashine ya msasa, maana inakunywa upepo mfululizo. Kijana wa puti alipiga msasa kidogo, akasimama, akaegemea boneti kungoja geji ipande, akapiga tena. Mlango mmoja wa Corolla DX ulikula nusu siku.

Jioni lazima mtu alale chini afungue koki ya tangi. Hewa ya Dar es Salaam imejaa unyevu, na ukiikandamiza maji yanajitenga na kutuama chini. Ulianza kutoka mvuke, ukafuata mchirizi wa rangi ya kutu unaonuka oili, ukachora njia kwenye mchanga hadi shina la mwembe. Asubuhi, kabla ya kuunganisha mpira, unatia matone machache ya oili nyepesi kwenye tundu la mashine. Ukiibonyeza mara ya kwanza inakutemea ukungu wa oili mkononi. Mashati yangu ya utotoni yalinukia hivyo hata yakitoka kufuliwa. Lakini kwa matone hayo mashine ilidumu miaka na miaka. Nati ikigoma ilisimama tu, haikuungua, maana ndani yake hamna waya wa kuungua. Ilipochoka mjomba aliifungua mwenyewe mkekani, akabadilisha vibao vidogo vinavyosukumwa na upepo, akaifunga.

Halafu ukaja mgao. Mwaka 2006 maji yalipungua kwenye mabwawa na umeme ukawa wa ratiba. Mwaka 2011 tukarudi kulekule. Jenereta ndogo ya jirani ilijaribiwa. Mota kama ile, wakati wa kuamka, inataka umeme mara kadhaa kuliko ikishazunguka, kwa hiyo jenereta ilikohoa ikazima. Mjomba akarudi kwenye wili spana na kipande cha bomba la maji. “Mjomba, kanyaga,” ananiambia, nami napanda juu ya bomba na uzito wangu wote wa mwanafunzi, nati ya 21 inalia kwii, inaachia.

Wakati sisi tunakanyaga bomba, kwingineko mambo yalishabadilika. Sony ilianza kuuza betri za lithiamu mwaka 1991, na mwaka 2005 Makita na Milwaukee wakaziingiza kwenye zana za mafundi. Zilichelewa kufika kwetu, ila zilipofika Kariakoo zilifika kwa fujo: boksi jekundu, boksi la njano, volti 18 hapa, 20 pale. Ni kitu kilekile, seli 5 zilizofuatana za volti 3.6 kila moja, na zikijaa ndipo zinavuka 20. Tena boksi zinajisifu nyutoni mita 1,000 na zaidi, wakati nati ya tairi ya Corolla inataka 103. Sijui wanadhani kila nyumba ina lori. Mashine iwe ya upepo au ya chaji, mimi naitumia kufungulia. Kufunga naanza kwa mkono na kumalizia kwa spana ya kupimia, la sivyo siku ya pancha barabarani utamwita fundi kufungua nati ya gari lako mwenyewe.

Kwa mtu mwenye gari moja na Jumamosi moja, chaji imeshinda, sina ubishi. Unaingia uvunguni bila mpira wa kukukwaza, unachaji usiku umeme unaporudi, unaibeba safarini. Mwenye kupiga msasa na rangi kutwa nzima, yeye anunue kompresa, na anunue kubwa.

Kinachonisumbua ni kwamba upepo haukuwa na kampuni. Mpira wa mjomba ulikuwa na kiungio cha robo inchi, na fundi yeyote aliyekuja na mashine yake, ya Mmarekani au ya Mchina, alichomeka akafanya kazi. Watoto walileta mipira ya miguu, muuza maji akaleta matairi ya mkokoteni, mwenye baiskeli akajaza huku akitoa habari za msiba wa jana. Ua lote lilipumua kwa tangi moja. Ubaya nao ulikuwepo: tulipuliza vumbi la breki kwa upepo uleule tukicheka, na breki za enzi hizo nyingi zilikuwa na asbesto.

Sasa betri yangu haiingii kwenye mashine ya jirani wala yake kwenye yangu, na sote tuna volti zilezile. Ulaya kampuni kadhaa zilikubaliana mwaka 2018, Metabo ikiwa mbele, kutumia betri moja. Kwenye mtaa wetu bado kila mtu na pasi yake ya kusafiria. Betri ikifa, mpya inakaribia bei ya mashine, kama bado inatengenezwa. Lithiamu nayo haipendi joto. Machi mchana, ikitoka kwenye kazi, chaja inakataa inawasha taa nyekundu, nami naiweka mbele ya feni kama mgonjwa na kungoja, vilevile kijana wa puti alivyongoja geji.

Tangi la mjomba lilioza kwa ndani, na hakuna fundi mwenye akili anayechomelea tangi la upepo lililooza. Mota yake iliuzwa, ikaenda kuzungusha mashine ya juisi ya miwa.

Vijana wa mtaani huniuliza wanunue ya rangi gani. Nawauliza kwanza jirani yao anatumia betri ipi, na kama wanaelewana naye.