Mpwa Wangu na Mbingu ya Santuri

Katika likizo ya Desemba iliyopita, mpwa wangu alinijia baada ya Sala ya Alasiri, akaketi mkekani kwa adabu iliyozidi desturi yake, nami nikajua kuwa ana haja. "Shikamoo mjomba," akasema, ingawa tulikwisha amkiana asubuhi. Alikuwa na shilingi 60,000 alizozichuma kwa kubeba mananasi huko Kinole kwa mama yake, naye alitaka ruhusa anunue mchezo wa kuchezwa katika mtambo wa PlayStation ambao kaka yake aliuacha alipohamia Dar es Salaam. Kwetu sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye aulizwaye. Dada yangu alikwisha mwambia, "Nenda kwa mjomba wako," na mzigo ukawa wangu.

Nikamwuliza jina la mchezo wenyewe. Akasema: No Man's Sky. Kiingereza changu ni cha shule ya msingi tu, nami nikafasiri papo hapo: Mbingu Isiyo na Mwenyewe. Nikasema, "Audhu billahi! Mbingu ina Mwenyewe, na mchezo wa jina hilo hauingii nyumbani mwangu." Kijana akanyamaza kidogo, kisha akanieleza kwa upole kuwa maana yake ni mbingu isiyomilikiwa na mwanadamu yeyote. Hapo sikuwa na la kumgombeza, kwani hayo ndiyo tuyaaminiyo.

Ningaliweza kupata sababu nyingine ya kukataa, nikalala usingizi mwema, kama si jambo moja lililonikaa moyoni. Miaka michache iliyopita nilimkuta mwanafunzi wangu mmoja katika kibanda cha michezo hiyo, saa ya Magharibi. Alikuwa amehifadhi juzuu tatu. Nilimfukuza chuoni mbele ya wenziwe, nikidhani nimeihami dini. Hakurudi tena. Siku hizi namwona mlangoni pa duka la kubahatisha matokeo ya mpira, karatasi mkononi. Hunisalimu kwa heshima, na salamu yake hunichoma kuliko tusi. Na mpwa wangu naye nilikwisha pata habari zake kuwa anakwenda katika vibanda hivyo, ambamo vijana hushindana mpira wa kwenye kioo na anayefungwa humlipia mwenziwe. Hiyo ni kamari, hata ikiwa ni shilingi mia tano.

Basi nikamwomba siku chache niuchunguze mchezo wake. Ulitolewa mwezi wa Agosti 2016 na kampuni ndogo ya Uingereza iitwayo Hello Games. Mchezaji huanza na chombo cha angani kilichoharibika, akakitengeneza, kisha akaruka kutoka sayari hadi sayari, akichimba madini, akijenga, na akifanya biashara na viumbe wa kubuni ambao lugha zao hujifunza neno moja moja. (Nakiri kuwa hapo nilipendezwa, ndivyo tufundishavyo Kiarabu.) Mapigano yamo, lakini sehemu kubwa mtu aweza kuyaepuka, na humo ndani hakuna vitu vya kubahatisha kwa fedha za kweli.

Sayari zake, akaniandikia, ni 18,446,744,073,709,551,616. Nilidhani amekosea. Kumbe hesabu hiyo wanavyuoni wetu waliijua zamani: ni ile ya punje katika kisa cha sataranji, punje moja chumba cha kwanza, mbili cha pili, nne cha tatu, hata chumba cha 64. Al-Biruni aliikokotoa kiasi cha miaka elfu iliyopita. Sayari zimezidi punje kwa moja tu! Wala hazikuwekwa zote ndani ya santuri. Mtambo huzifanya kwa kanuni ya hesabu kila mchezaji azikaribiapo.

Lililonisumbua zaidi ni itikadi. Katika hadithi yake mna kitu kiitwacho Atlas, mtambo mkubwa unaosimuliwa kuwa ndio ulioufanya ulimwengu ule, na viumbe wengine huuabudu. Nikamwuliza kijana, "Na huyo Atlas mwisho wake nini?" Akajibu, "Anaharibika, mjomba." Nikamkumbusha Nabii Ibrahim, alayhi salaam, na ile nyota aliyoikataa ilipotua. Akacheka, akasema kisa hicho nilimfundisha mwenyewe alipokuwa na miaka saba.

Tena palikuwa na suala la biashara. Sheria yetu yasema kuwa anayenunua kitu kwa kusifiwa, asiikute sifa ile, ana hiari ya kukirudisha. Mwaka 2016 wanunuzi wengi walinung'unika kuwa waliyoahidiwa hayamo. Wasimamizi wa matangazo wa Uingereza wakachunguza, na mwezi wa Novemba wakaamua kuwa tangazo halikupotosha. Hata hivyo kampuni haikukaa na ushindi wake, bali imeendelea miaka na miaka kuongeza mambo mapya bila ya malipo. Lakini yapasa mnunuzi ajue: nyongeza hizo huletwa kwa intaneti, na santuri kuukuu ya mwaka 2016 ina mchezo wa mwaka 2016. Muuzaji wetu hakutuambia hilo; nililipata kwa kuuliza kwingine.

Nilikuwa bado sijaamua tulipokwenda Kinole kumtazama dada yangu. Usiku mmoja mvua ilikatika, na mawingu yakajitenga na Milima ya Uluguru. Mjini Morogoro taa zimetunyima nyota. Kule zilikuwa kama mchele uliomwagwa. Kibla chetu huku ni kaskazini, na baada ya Isha Kilimia kilikuwa juu upande huohuo. Kijana akakielekezea kidole, akaniuliza, "Mjomba, mtu akiwa huko, ataelekea wapi kusali?"

Nimefundisha zaidi ya miaka thelathini, wala sijaulizwa hivyo. Sikumjibu usiku ule. Tuliporudi mjini nikauliza wanaojua, nikaambiwa habari za tabibu wa Malaysia, Sheikh Muszaphar Shukor, aliyepaa Oktoba 2007 ndani ya Ramadhani. Maulamaa wa nchi yake walimwandikia mwongozo: aielekee Kaaba akiweza, akishindwa, usawa wake wa juu, akishindwa, dunia yenyewe, na akishindwa kabisa, popote. Kijana aliyaandika yote katika daftari lake, bila ya kuambiwa.

Kesho yake nikampa ruhusa. Tulikubaliana kuwa vibandani hatakwenda tena, na kuwa adhana ikilia mtambo unazimwa. Santuri tuliipata, na mtambo tukaupeleka kwa jirani mwenye intaneti ukavute nyongeza zake, kazi iliyochukua siku nzima. Sayari ya kwanza aliyoigundua ameipa jina la Kinole.

Jioni ya kwanza mwadhini alipoanza, kijana akapiga kelele, "Mjomba, ngoja nitue kwanza!" Kumbe mchezo ule huhifadhi mahali mtu alipofika pale anaposhuka chomboni, na yeye alikuwa angali angani. Sasa humwita dakika tano kabla ya adhana, apate kutua.