Waya mnene wa umeme na sauti ya bibi



Wapo wapenda muziki, hasa Ulaya na Marekani, wanaouweka kando waya wa umeme uliokuja na amplifaya na kununua mwingine uliotengenezwa maalum, mnene kama bomba la maji. Wengine huulipia kuliko bei ya amplifaya yenyewe. Wanasema sauti inakuwa safi na besi inakaza. Maneno hayo yalitufikia hata sisi huku Buyenzi, Bujumbura, na nyumbani kwetu yaliingia kwa mlango wa mapenzi.

Tunazo kanda mbili za marehemu bibi ya watoto wetu, alirekodiwa akiwahadithia habari za Sungura na Fisi. Sauti yake ni ndogo. Kila tukizicheza spika zinavuma, hata ukisimamisha kanda mvumo haukomi, na bibi anazama humo. Mjomba wa watoto, ambaye huyo ni mama yake mzazi, akatuletea waya kutoka kwa muuzaji mmoja wa mjini, tuujaribu kwanza ndipo tulipe. Bei yake ilikuwa sawa na karo ya mtoto wetu wa pili kwa mihula miwili.

Tukauchomeka, na mvumo ukaisha. Babu akatokwa na machozi. Mjomba akasema, "Shemeji, si mnaona?"

Tuliona, lakini hesabu haikukubali. Umeme umekuja kilomita nyingi juu ya nguzo, ukapita ndani ya kuta kwa waya wa kawaida. Mita moja na nusu ya mwisho itausafisha vipi? Tena amplifaya haiutumii kama ulivyo. Transfoma inaupunguza, dayodi zinaugeuza uende upande mmoja, kapasita zinausawazisha. Ama upotevu wa njiani, waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba, urefu wa mita 1.5, ukipitisha ampea 1 unapoteza kama volti 0.04 katika 220. Jirani akiwasha pasi jioni sisi hupoteza zaidi ya hapo, taa zikafifia.

Basi kuna kitu kingine kilichobadilika. Tukamwita fundi, akafungua plagi ya ule waya mnene. Waya wa ardhi, ule wa kijani na njano, ulikuwa umekatwa na kukunjwa ndani.

Hapo akatueleza. Amplifaya yetu ina boksi la chuma na imeungwa ardhini kupitia plagi. Dishi la televisheni nalo limeungwa ardhini kwenye mlingoti wake, na waya wake unafika kwenye amplifaya kupitia dekoda. Ardhi mbili, basi mkondo mdogo unazunguka kati yake, na ndio huo tunaousikia ukivuma. Kata ardhi moja, mvumo unakoma. Lakini siku umeme ukivuja ndani, lile boksi linabaki na volti 220 likimngoja mtoto wa kuligusa. Waya wa ardhi kazi yake ni kuupitisha umeme huo ili swichi kuu ijikate.

Muuzaji alijua au hakujua, hatusemi. Ila ulaini wa sauti ulikuwa wa kweli, na hilo ndilo la kutisha.

Fundi aliunga ule waya inavyotakiwa, mvumo ukarudi kama zamani. Kisha akaweka kitransfoma kidogo kwenye waya wa sauti kati ya dekoda na amplifaya: sauti inapita, ardhi mbili hazikutani. Kimya. Tukawaambia watoto wabadilishe waya nyuma ya pazia, ule mnene na ule wa zamani, bila kutuambia upi ni upi. Mara kumi. Hakuna aliyeweza kuutambua, hata mjomba, naye alijitahidi sana.

Waya ukarudishwa kwa mwenyewe. Babu hakutaka habari za dishi wala ardhi. Alitaka kanda irudishwe nyuma, pale bibi anapokatisha hadithi, anakohoa, na kumfukuza paka.