Jalada la Kalenda

Usharika wetu uko Machame, na kila mwaka tunatoa kalenda. Mwaka ule mapato yake yalikusudiwa kununua mabati ya nyumba ya mwinjilisti, ambayo ilikuwa ikivuja hadi kitandani. Wanakamati tulikuwa wanne. Kazi tuliyoidhania nyepesi kuliko zote, yaani kuchagua jalada, ndiyo iliyotuchukua majuma matatu na kuwafanya wawili kati yetu wasalimiane kwa shingo upande.

Picha tulikuwa nayo. Kijana wetu wa kwaya aliipiga mwezi Januari, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla mawingu hayajaufunika mlima. Chini kuna njia ya udongo mwekundu inayopita kati ya migomba na kahawa, katikati msitu, na juu kabisa Kibo. Lililobaki ni swali moja: tuichape kwa rangi, au iwe nyeusi na nyeupe?

Watatu kati yetu tulitaka nyeusi na nyeupe, na sababu tulizotoa zilisikika za kiroho. Tulisema rangi ina kelele. Picha nyeusi na nyeupe humnyamazisha mtu, kama anavyonyamaza akivuka mlango wa kanisa. Tuliitaja pia picha ya zamani iliyotundikwa ofisini, ya enzi za wamisionari wa Leipzig waliofika Machame mwaka 1893. Jambo ambalo hatukulisema kwa sauti ni kwamba marafiki wa usharika walioko Ujerumani hununua kalenda nyingi kuliko sisi wenyewe, na wao hupenda mlima wenye sura ya kale.

Kijana akafungua kompyuta kutuonyesha. Hapo ndipo tulipojifunza kwamba kuondoa rangi si kama kufua nguo ikachujuka. Kila rangi lazima ipewe kiasi chake cha giza au mwanga. Kijani cha mgomba na wekundu wa njia, vitu ambavyo hata mtoto havichanganyi, vinaweza kutoka kijivu kilekile. Wapigapicha wa zamani walikuwa wakiweka kioo chekundu mbele ya lenzi ili anga la bluu liwe jeusi. Ndivyo alivyofanya Ansel Adams wa Marekani mwaka 1927, alipopiga jabali la Half Dome. Siku hizi ni kusogeza alama tu kwenye kioo cha kompyuta. Kijana alisogeza moja, anga likaingia giza. Akasogeza nyingine, miamba ya kahawia ikang'aa. Tukashangilia! Kibo kilisimama mbele yetu cheupe kama shela la bibi harusi, kama walivyotuhadithia babu zetu.

Mama mmoja, mzee wa kanisa, alikuwa ametuletea chai. Aliinama karibu na kompyuta, birika mkononi.

"Wanangu, huu weupe wa hapa ubavuni ni theluji au ni mawe?"

Hakuna aliyejibu. Yalikuwa mawe.

Habari za barafu ya Kilimanjaro hazikuwa ngeni kwetu. Watafiti waliolinganisha hali ya mwaka 1912 na ya mwaka 2007 walikuta kwamba asilimia 85 ya eneo lililofunikwa na barafu limetoweka. Na sisi, kwa kidole kimoja, tulikuwa tumeirudisha, tena kwa ajili ya jalada la kanisa. Mmoja wetu alijitetea kwamba picha ni pambo, si ushahidi mahakamani. Mwingine akataja Amri ya Nane, ile tuliyoikariri wakati wa kipaimara, na hapo ndipo zile shingo upande zilipoanza.

Ni kweli kwamba hata ile picha ya ofisini ina kasoro zake. Vioo vya picha vya miaka ile havikuuhisi wekundu, na bluu viliihisi kupita kiasi. Ndiyo maana udongo wetu umetoka mweusi kama mkaa, na anga limekuwa jeupe hata theluji imepotelea humo. Lakini mmisionari yule hakuwa na kioo kingine. Sisi tulikuwa tunachagua.

Tukairudisha ile ya rangi, tukaitazama bila haraka. Kilele kilikuwa na upara wa kahawia, na kiliuma kukitazama. Kisha tukaona kitu ambacho kwa majuma mawili hakuna aliyekitaja: msitu. Katika kijivu, msitu na mashamba vilikuwa mkanda mmoja wa giza, jicho likaruka moja kwa moja hadi juu. Kwa rangi, kijani kizito cha msitu kilijitenga na kijani changa cha migomba. Maji mengi ya mito na mifereji yetu hutokana na mvua inayodakwa na msitu ule, si theluji inayoyeyuka. Miaka yote tumeisoma Zaburi ya 121 macho yakiwa kileleni, ingawa mwenye zaburi mwenyewe hakukaa sana na milima, alimwendea upesi aliyeiumba.

Ukurasa wa Aprili tuliuacha mweusi na mweupe. Ni ukungu juu ya makaburi, kwa ajili ya Ijumaa Kuu, na ukungu ulikuwa umeshazichukua rangi kabla ya kamera kufika.

Jalada tulilichapa kwa rangi. Oda kutoka Ujerumani zilipungua, na hapa kwetu wapo waliouliza kwa nini tumeuchapa mlima uliochakaa. Mabati yalitosha chumba cha kulala na jiko tu. Sebuleni kwa mwinjilisti bado kuna ndoo, na ukutani juu ya ndoo, kwenye msumari, imening'inia kalenda yetu.