Siku Tano Ukerewe: Si Kila Tumbo Linalouma ni Vidonda

Mwezi Julai 2023 tulifunga safari kwenda kisiwa cha Ukerewe, katika Ziwa Viktoria. Tulikuwa wauguzi wawili, mpimaji mmoja wa maabara, na akina mama wanne wa kikundi chetu cha kanisa. Meli iliondoka Mwanza saa tatu asubuhi, tukaliacha nyuma lile jiwe la Bismarck, na baada ya saa tatu hivi za mawimbi (mimi nikiwa nimekumbatia ndoo) tukateremka Nansio.

Ukerewe ni kisiwa chenye neema. Kuna machungwa, mihogo, na dagaa walioanikwa mchangani ambao harufu yao inakupokea kabla ya mwenyeji wako. Na karibu kila kazi ya nyumbani huishia ziwani. Asubuhi ya kwanza niliketi juu ya jiwe nikatazama. Mabinti walikuwa wakichota maji, mama zao wamesimama ndani ya maji hadi magotini wakifua na kusugua sufuria, watoto wanaogelea. Hatua chache tu nyuma ya matete niliona kwamba si wote wanaofika chooni. Mahali pa namna hiyo, penye konokono wadogo wa majini, kichocho cha tumbo hakikosi.

Hiki si kile kichocho cha kukojoa damu tunachokijua sisi tuliokulia Tanga. Mayai ya minyoo hii hutoka na haja kubwa. Yakifika majini huanguliwa, vijidudu vyake huingia ndani ya konokono na kuzaliana humo, kisha hutoka kwa wingi na kupenya ngozi ya mtu kwa dakika chache, hata kama hana mchubuko. Minyoo ikikomaa hukaa miaka katika mishipa ya damu ya matumbo, na mayai yake mengi hukwama kwenye ini. Ini likijaa makovu damu hukosa njia, bandama huvimba, na mishipa ya umio, yaani njia ya chakula, hutuna. Siku moja hupasuka, na mtu hutapika damu.

Hapa sina budi kuungama. Nilipokuwa nesi kijana katika zahanati moja ya bara, mtu akilalamikia tumbo nilimpa vidonge vya magnesiamu vya kutafuna na kumwambia, "Una vidonda, acha pilipili na maharage." Akirudi nilimpa dawa ya minyoo. Darubini ilikuwepo, imefunikwa kitambaa, na sikumbuki kama nilimwomba hata mmoja wao alete choo kipimwe.

Siku ya pili alikuja mama mmoja wa makamo, akisindikizwa na mkwewe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mimi nina vidonda vya tumbo tangu huyu mume wake ananyonya."

Alikuwa ametapika damu mara mbili mwaka ule, na kila mara aliongezewa dawa ile ile ya vidonda. Nilipomlaza na kumpapasa, bandama ilikuwa imeshuka hadi karibu na kitovu. Mwenzetu wa maabara alichuja choo chake kidogo kwenye wavu, akakifunika kwa selofeni, akaniita kwenye darubini. Yai refu la mviringo, lenye mwiba ubavuni. Ukiliona mara moja hulisahau.

Alipimwa uzito, akapewa uji kwanza, kisha akameza prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili wake. Dawa hii huua minyoo, lakini haifuti makovu yote ya ini, wala haimzuii mtu kuambukizwa tena akirudi majini kesho. Tena aliyekwisha kutapika damu hatoshelezwi na vidonge. Yampasa aangaliwe umio kwa kamera, na mishipa iliyotuna ifungwe kabla haijapasuka tena. Tukamwandikia barua ya kwenda Bugando.

Msidhani basi kwamba Ukerewe hakuna vidonda. Siku ya tatu alikuja mwalimu mmoja wa kike, tumbo linamchoma usiku na kutulia akila. Hakukutwa na yai lolote, ila kipimo cha choo kilionyesha bakteria wa tumbo, Helikobakta pailori. Zamani tulifundishwa kwamba vidonda huletwa na mawazo na pilipili. Madaktari wawili wa Perth, Australia, Robin Warren na Barry Marshall, ndio waliotutoa gizani. Marshall alifika hata kunywa bakteria hao mwaka 1984, akaugua tumbo kweli kweli, na mwaka 2005 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobeli. Mwalimu alipewa antibiotiki mbili pamoja na dawa ya kupunguza asidi, za siku 14. Nilimsihi azimalize hata kama maumivu yataisha siku ya tano.

Aliyenifundisha zaidi ni kijana mvuvi. Alikuwa na bakteria, kichocho, na safura juu yake, kope zake nyeupe kwa kukosa damu. Kama tungeridhika na jibu la kwanza, mengine mawili yangebaki humo humo tumboni mwake.

Jioni akina mama wa kisiwani waliniuliza wafanyeje, nao hawana maji mengine. Swali hilo ni gumu, maana bomba halitengenezwi na nesi. Niliwaambia maji ya kuoga na kufulia yakae siku mbili kwenye pipa lililofunikwa, vijidudu vya kichocho vitakufa. Ya kunywa yachemshwe. Tena dawa ya kichocho si ya watoto wa shule peke yao. Tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba penye ugonjwa huu wapewe na watu wazima, hata mjamzito aliyepita miezi mitatu ya kwanza.

Siku ya tano yule mama mwenye bandama alipanda meli pamoja nasi, ile barua ameifunga kwenye pindo la khanga. Katikati ya ziwa aliniuliza kama wajukuu wake sita nao wapimwe. Nikamwambia wote, hata yule wa miaka miwili anayebebwa mgongoni mama yake akifua.