Kabla ya Kujaza, Tafuta Panapovuja

Wenzangu mlio kwenye ndoa, hebu tuambizane ukweli. Mnagombania nini zaidi ndani ya nyumba? Wengi mtasema pesa, simu au ndugu wa mume. Mimi naongeza moja ambalo halitajwi sana: maji.

Tunaishi Babati. Mwezi wa saba, baridi ya Mlima Kwaraa ikishuka, kuoga asubuhi bila maji ya moto ni adhabu. Tuna hita ndogo ya shawa na tanki la lita 1,000 juu ya mnara wa mita 3. Mwaka jana shawa ilianza kukohoa ukiwa umeshajipaka sabuni, tanki likawa tupu kabla ya saa sita mchana, na bili ikapaa.

Mume wangu akaja na jibu lake: “Mama Junior, tununue tanki la pili.” Mama mkwe, aliyekuwa ametutembelea, naye akawa na lake: “Huyo binti wenu anachezea maji. Mkateni mshahara.” Binti mwenyewe alikuwa jikoni, anasikia kila neno. Jioni nikamkuta anakunja nguo zake.

Hapo nikamkumbuka wifi yangu anayeishi Ujerumani. Nyumba yao hupashwa joto na maji ya moto yanayozunguka kwenye mabomba chini ya sakafu. Ukutani kuna saa ya presha, na kwao inatakiwa isome kati ya baa 1 na 1.5. Ikishuka mno, sakafu inapoa, nao wanaongeza maji. Aliwahi kuniambia: “Ukiongeza mara mojamoja, kawaida. Ukiongeza kila wiki, ujue panavuja.” Tena maji mapya huingiza hewa, na hewa hiyo huleta kutu kwenye vyuma.

Sisi Babati hatuna sakafu za moto, lakini kanuni ni ileile. Presha ya tanki hutokana na kimo: kila mita 10 ni kama baa 1, hivyo mita 3 hutoa 0.3 tu. Tanki la pili likikaa pembeni ya la kwanza linaongeza lita, haliongezi nguvu. Na kama panavuja, umeongeza tu cha kuvuja.

Nikamwambia mume wangu, kabla hatujamgusa mtu mshahara, tusome mita. Saa 4 usiku tanki lilikuwa limejaa, tukafunga koki zote na kuandika namba. Saa 11 alfajiri tukarudi na tochi. Lita 210 zilikuwa zimepita, watu wote wamelala! Hizo ni lita 30 kila saa, zaidi ya uniti 20 kwa mwezi.

Nikamimina kahawa nyeusi kwenye tanki dogo la choo cha wageni, bila mtu kuvuta maji. Baada ya nusu saa, bakuli la choo likawa la kahawia. Kimpira cha ndani kilikuwa kimechoka. Fundi bomba alikibadilisha kwa hela ndogo sana ukilinganisha na bei ya tanki.

Mume wangu alikwenda jikoni mwenyewe. “Samahani, mdogo wangu.” Mama mkwe hakusema kitu, ila kesho yake alimletea kitenge. Binti yupo mpaka leo.

Msomaji, wengi wetu ndivyo tunavyoendesha hata mapenzi. Mwenzako amenuna, unamnunulia zawadi. Amenuna tena, unampeleka mtoko. Unajaza tu, huulizi panapovuja ni wapi. Au mbaya zaidi, unamtafuta wa kumlaumu, na mara nyingi ni yule asiye na sauti nyumbani.

Leo usiku, kabla ya kulala, soma mita yako. Halafu muulize mwenzako swali moja, na umwache amalize kujibu.