Somo na Somo

Neno somo katika Kiswahili lina maana zaidi ya moja. Somo la darasani ni jambo lifundishwalo kwa saa yake maalumu, likaandikwa ubaoni na kufutwa. Somo wa mwari, katika desturi za mwambao, ni mtu: mwanamke mzima aliyeaminiwa na wazazi kumfundisha binti aliyevunja ungo namna ya kujitunza, kujisitiri na kuishi na watu.

Lugha haikukosea kuyapa mambo haya jina moja. Yapo mafunzo awezayo kuyatoa mtu yeyote ayajuaye, kama hesabu za kugawanya. Na yapo mafunzo yasiyopokewa ila kutoka kwa mtu aaminiwaye. Elimu ya afya, ya nafsi na ya kukaa vema na wenzi ni ya namna hii ya pili. Shule ya msingi imeipokea kazi ya somo, lakini aghalabu imeifanya kwa desturi ya ubao.

Nchini Tanzania, mtaala wa darasa la kwanza na la pili wa mwaka 2015 uliweka kutunza afya na mazingira kando ya kusoma, kuandika na kuhesabu. Madarasa yaliyofuata yakapewa Uraia na Maadili. Uamuzi huo ulikuwa mwema. Taabu ilibaki katika utendaji. Mtoto huandika katika daftari lake kwamba mtu hunawa mikono kwa maji na sabuni kabla ya kula na baada ya kutoka chooni, akapewa alama zote. Kisha kengele hulia, akaenda chooni, akakuta ndoo tupu. Siku hiyo amefundishwa mara mbili: ubao umemwambia neno, na ndoo imemwambia kwamba neno lile halikukusudiwa kutendwa. Katika mafunzo haya mawili, la ndoo ndilo litakalodumu.

Wazee wa jana walilijua jambo hili. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wazima kwa vikundi mbele ya redio. Walisikiliza, wakajadiliana waliyoyasikia, kisha wakaondoka kuchimba vyoo na kufyeka vichaka vilivyozunguka nyumba zao. Kusikia kulifuatwa na kushauriana, na kushauriana kukafuatwa na jembe. Somo la afya lisilofika kwenye jembe, au kwenye ndoo, ni ufasaha mtupu.

Sehemu iliyo ngumu zaidi ni ile ya mwili unaokua. Mwalimu aifikiapo kurasa zake huharakisha. Husema jambo hili wataelezwa nyumbani. Nyumbani mzazi hunyamaza kwa haya, akiamini kwamba limekwisha kuelezwa shuleni. Somo na kungwi wa zamani katika miji mingi hawapo tena, au huitwa siku chache kabla ya harusi, wakati maswali ya utoto yamekwisha kupata majibu mengine. Kati ya nyamazo hizi mbili husimama msichana wa darasa la sita aliyeona damu kwa mara ya kwanza akiwa juu ya dawati, akidhani kuwa anaumwa au ametenda kosa. Hakuinuka hadi wenzake wote walipotoka. Na kesho yake hakurudi shuleni.

Gharama ya ukimya haiishii katika siku chache za utoro. Kwa miaka mingi msichana wa Tanzania aliyepata mimba alifukuzwa shule, na mara nyingi hakuna mtu aliyekuwa amemwambia waziwazi mimba huingiaje, wala jinsi ya kumkataa mtu mzima amtakaye ubaya, wala ni nani wa kumkimbilia. Aliadhibiwa kwa kushindwa mtihani wa somo asilofundishwa. Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wasichana wa hali hiyo wataruhusiwa kurudi shuleni. Mlango wa kurudia ni rehema. Lakini elimu ya mapema ni rehema itanguliayo machozi.

Wako wazazi wahofiao kwamba kulitaja jambo ni kulialika. Hofu yao ni ya upendo, na haifai kudharauliwa. Walakini somo wa mwari aliyataja yote, na hakuna aliyemshitaki kwa kupotosha. Alitaja kwa wakati wake, kwa maneno ya heshima, mbele ya mtu aliyemjua kwa jina. Mwalimu naye aweza kufanya vivyo hivyo: kuwaita wazazi kwanza na kuwaeleza atakalolifundisha, kuweka sanduku ambamo mtoto hutia swali lake bila jina, kuwafundisha wavulana pia, ili damu ya dada yao isiwe kichekesho chao, na kuhakikisha kwamba ndoo ina maji.

Kazi hii haipimwi vema kwa mtihani. Hupimwa siku ile mtoto mwenye hofu atazamapo huku na huku katika ua wa shule, akitafuta mtu wa kumwambia. Akimwona mwalimu wake na kumwendea, mwalimu yule amekwisha kuwa somo.