Mgeni Aliyeshika Jembe

Wazee husema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Neno hili si la kumfukuza mgeni. Maana yake ni hii: mgeni akikaa, na afanye kazi pamoja na wenyeji, ale chakula chao, apate na taabu zao. Mgeni wa namna hiyo alikuwa Adrien Atiman, mganga wa Karema.

Karema ni kijiji cha nchi ya Tanzania, ufukoni mwa ziwa Tanganika, upande wa mashariki. Ng'ambo ya maji, upande wa Kongo, iko Mpala. Mwaka 1879 Wabelgiji walijenga boma Karema, na mwaka 1885 waliwaachia Mapadri Weupe.

Atiman hakuzaliwa huko. Alizaliwa karibu mwaka 1866, mbali sana, kando ya mto Niger, karibu na mji wa Timbuktu, katika nchi inayoitwa leo Mali. Alipokuwa mtoto mdogo alikamatwa, akatengwa na mama yake, akauzwa kama mbuzi sokoni. Katika jangwa la Sahara Mapadri Weupe walimkomboa kwa fedha, wakampeleka Algeria, wakamtia shuleni.

Mkubwa wa wamisionari hao alikuwa Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers. Mwaka 1878 alituma kundi la kwanza, watu kumi, waende kwenye maziwa makubwa. Hata kabla ya kufika ziwani, mmoja wao, Padri Pascal, alikufa njiani. Wengine waliofuata walikufa pia, wengi wao kwa homa. Dawa chungu ya kinini ilijulikana, lakini siku zile hakuna aliyejua kwamba mbu ndiye aletaye homa ya malaria. Jambo hilo lilianza kuthibitishwa mwaka 1897.

Lavigerie aliona kwamba Afrika itafanywa upya na Waafrika wenyewe. Kwa hiyo mwaka 1881 vijana waliokombolewa walipelekwa kisiwa cha Malta wajifunze uganga. Atiman alikuwa mmoja wao. Alisoma miaka saba.

Mwaka 1888 akasafiri na kundi la wamisionari. Walipanda merikebu mpaka Unguja, kisha wakaanza safari ya miguu. Kutoka pwani mpaka ziwani hapakuwa na reli wala barabara ya magari. Wapagazi walichukua mizigo vichwani: nguo, shanga na nyaya za shaba, maana vitu hivyo ndivyo vilivyokuwa fedha ya njiani. Mwaka 1889 Atiman alifika Karema.

Fikirini, watoto, hali yake siku ya kwanza. Ngozi yake ilikuwa kama ya wenyeji, lakini lugha ya mama yake haikusikika pale. Mto wa kwao haukuwapo. Wagonjwa walimtazama mgeni huyu na dawa zake, wala hawakumjua.

Atiman hakukaa kama msafiri anayengoja siku ya kurudi. Alioa mke wa Kibende, jina lake Agnes Wansahira. Aliosha vidonda, akatoa dawa za homa, akafundisha dini. Leo alifanya hivyo, na kesho tena, na mwaka uliofuata tena. Mtoto aliyetibiwa alikua, akaleta mtoto wake, na baadaye mjukuu. Hivyo wenyeji walimjua, naye akawajua. Mwana wake, Joseph, alipewa upadri mwaka 1923.

Wageni wengine walipita katika nchi ile. Wajerumani walitawala, wakaondoka. Waingereza wakaja na bendera yao. Atiman alibaki na chupa zake za dawa. Alifanya kazi Karema karibu miaka 67, akafa huko mwaka 1956, akazikwa huko huko.

Je, wale waliomwuza walimtendea mema, kwa kuwa mwisho wake ulikuwa mwema? Hasha! Kumwiba mtoto ni ubaya, wala ubaya haugeuki wema kwa sababu mtu aliyeumizwa amefanya kazi njema. Mama yake alibaki na kilio chake kando ya mto Niger. Lakini Atiman, aliyenyang'anywa kwao, hakukubali moyo wake ukauke. Aliwapa watu wengine ulinzi ambao yeye mwenyewe aliukosa utotoni.

Huenda siku moja ninyi nanyi mtatumwa kijiji cha mbali kuwa walimu, waganga au makatekista. Mkifika na mizigo mingi, watu watafurahi siku mbili. Mizigo itakwisha. Siku ya tatu jembe litaletwa: lugha ya kujifunza, wagonjwa wa usiku, chakula msichokizoea. Atakayelipokea jembe hilo hataitwa mgeni tena.

Maulizo

1. Karema iko upande gani wa ziwa Tanganika?
2. Kwa nini Lavigerie alitaka vijana Waafrika wajifunze uganga?
3. Atiman alifanya nini hata wenyeji wakamjua?
4. Katika kijiji chenu yuko mtu aliyekuja mgeni, naye sasa ni mwenyeji? Eleza jembe lake ni nini.